Maelezo ya Mama Pacha

Jua lilipochomoza, foleni ya ndoo ilikuwa imeshakizunguka kibanda cha kinyozi. Bomba la mkono lilikuwa kavu kwa siku ya tisa. Mama Pacha aliukandamiza mpini mara tatu. Ukashuka mwepesi, kama mkono wa mtu aliyezimia.

"Mpira wa pistoni umeisha," akasema. "Kazi ya saa moja tu hii."

"Sasa unangoja nini?" jirani yake, muuza mkaa, akamdakia. "Si ulikwenda kusomea?"

Alikwenda kweli. Wiki sita, yeye na wanawake wengine watatu, chini ya bango kubwa lililoandikwa JITEGEMEE, walifungua na kufunga bomba mpaka viganja vikaota sugu. Siku ya mahafali walikabidhiwa spana na kiboksi cha vipuri, wakapigwa picha, kisha vyote vikarudishwa kwenye kabati la afisa maji, eti kwa usalama. Wenzake walishahama mtaa. Yeye alibaki na cheti, na mpira mmoja uliosahaulika mfukoni mwa ovaroli.

Watoto wake pacha walikuwa wamelala mkekani tangu juzi, matumbo yakiwasokota kwa maji machafu ya mfereji. Maji ya mikokoteni yalikuwa yamepanda bei mara mbili wiki hiyo hiyo. Akafunga kanga kiunoni, akaenda ofisini.

"Mama, bomba ni mali ya serikali," afisa maji alimwambia bila kuinua macho. "Mwenye idhini ya kulifungua ni mkandarasi. Tumeshaandika barua."

"Barua iko wapi, bosi?"

"Juu." Akaonyesha dari kwa kalamu.

"Basi niazime spana. Ile mliyonikabidhi."

"Ile ilikuwa ya sherehe."

"Sasa mlinifundisha ya nini?"

"Kukujengea uwezo," afisa akajibu, akafungua faili jingine.

Mama Pacha alitoka nje. Alipiga moyo konde, akanyoosha moja kwa moja hadi kwa fundi wa malori.

"Ukikamatwa na spana yangu je?" fundi akauliza.

"Sema nimekuibia."

Fundi akacheka, akampa.

Bombani alilegeza nati, akainua kifuniko, akachomoa pini mbili, akautoa mpini. Muuza mkaa alimsaidia kuvuta fito za chuma, moja baada ya nyingine, mpaka pistoni ikatoka ikichuruzika tope. Mpira wake ulikuwa umelika kama kisigino cha kandambili. Akaubandua, akavisha ule mpya wa ovarolini, wakarudisha kila kitu mahali pake. Mpini ukapigwa mara ishirini, thelathini. Bomba likakohoa, likatema kutu, kisha maji yakaja, meupe, ya baridi. Vigelegele vilisikika hadi ofisini.

Afisa maji alifika kwa pikipiki kabla ndoo ya kumi haijajaa.

"Nani amefungua hili bomba?"

"Mimi."

"Leo utalala ndani." Akamtupia karatasi na kalamu. "Andika maelezo. Ulichofanya, hatua kwa hatua, usiache kitu. Yanakwenda juu."

Mama Pacha aligeuza ndoo, akaifanya meza. Aliwaza nani atawanywesha pacha usiku huo. Lakini aliandika, mistari ikajaa pande zote mbili. Alipomaliza, akasimama.

"Nakuandikia mashahidi, bosi. Na shahidi haweki dole gumba pasipo kusomewa." Akakohoa kidogo, akapaza sauti. "Kwanza, nililegeza nati ya juu kwa spana, nikizungusha kuelekea kushoto. Pili, nilichomoa pini mbili, ya mpini na ya fito, nikaziweka juu ya kitambaa safi zisipotee..."

Wanawake waliacha ndoo zao wakasogea. Mmoja alikuwa akihesabu kwa vidole.

"Hapo pa pini," muuza mkaa akasema, "hebu rudia."

"Inatosha!" Afisa alinyoosha mkono kuichukua karatasi, lakini katikati yao palikuwa na migongo mingi. "Lete hapa!"

"Bado, bosi. Umesema nisiache kitu."

Akarudi kwenye pini, akasoma polepole zaidi, ili hata walio mkiani mwa foleni wasikie.