Moduli kwa Bi Mkubwa

Maabara ya hospitali ilikuwa imehamia kwenye kompyuta mpya, na tangu asubuhi hakuna jibu hata moja la vipimo lililochapwa. Fundi wa kompyuta, mama mwenye macho mekundu kwa kukesha akimuuguza baba yake, alisoma ujumbe ule ule kwenye skrini: moduli haipo. Bila kipande hicho cha programu, majibu hayatoki.

Nje ya dirisha wagonjwa walijaa kwenye benchi. Baba huyo alikuwa miongoni mwao.

Akampigia simu shemeji yake, aliyeiandaa mashine ile.

"Shemeji, ile moduli uliiweka?"

"Niliiweka kwa mikono yangu."

"Kompyuta inasema haipo."

"Basi inanisingizia."

Hakuwa na nguvu za kubishana. Akaandika amri fupi ya kuulizia moduli. Kompyuta ikajibu: ipo. Akawasha programu. Haipo. Akaegemeza paji la uso kiganjani, akatamani kulala hapo hapo.

Alipoinua kichwa, akalisoma lile jibu la kwanza taratibu, mpaka mwisho. Lilitoka kwenye toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu. Kumbe matoleo mawili yalikaa kwenye mashine moja kama wake wenza wasiosalimiana, kila mmoja na jiko lake. Akaliuliza lile jipya, ambalo programu hulitumia, safari hii akiliita kwa jina lake kamili. Haipo.

"Shemeji, hukusema uongo," alisema. "Ila umeiweka kwa bi mkubwa, na programu inakula kwa bi mdogo."

"Mimi nilijua yupo mmoja tu."

"Ndivyo wanaume wanavyosemaga."

Akaiweka moduli panapostahili, akauliza tena, ikajibu ipo. Hakuiamini mpaka printa ilipokohoa na kutema karatasi ya kwanza. Majibu ya wengine yalitangulia. Ya baba yake yalikuwa bado.

Alitoka akaketi kando ya mzee.

"Walikuwa wanakusema vibaya hapa," baba alimwambia chinichini. "Wakaniuliza kama nakufahamu. Nikasema sikujui."

"Umenikana, baba?"

"Ningekubali, wangenituma nije kukuharakisha. Nami miguu inaniuma."

Alitaka kucheka, uchovu ukamzuia. Akalaza kichwa begani kwa baba yake, mbele za watu wote, wakasubiri kuitwa.