Soksi za Sufu Nyekundu

Kwato zilisikika kabla ya kitu chochote kuonekana. Zilikuwa nzito, za mwendo wa kukokota, zikipanda kutoka darajani, na wanawake waliopanga foleni mbele ya shule walijua mara moja kwamba huyo si nyumbu wa kijijini. Nyumbu wa kijijini, wale wachache ambao Wajerumani hawakuwala, walikuwa na kwato ndogo na miguu myepesi. Huyu alikuwa wa Amerika.

"Huyo anarudi," alisema Polixeni, aliyesimama mbele ya Garifalia na gunia tupu begani. "Labda leo ataanza kulima."

"Nyumbu yule ni kama serikali," akadakia mwanamke wa nyuma. "Mwite kwa Kigiriki mpaka koo likukauke, hakusikii ng'o."

Wachache walicheka. Garifalia alikuwa akitazama mlango wa shule, ambao ulikuwa bado umefungwa. Ndani yake kulikuwa na unga wa ngano na maziwa ya unga. Nyumbani kulikuwa na Areti, mwenye miaka minane, ambaye tumbo lilikuwa limemvimba na miguu imebaki kama vijiti. Daktari wa msaada alipopita alimbonyeza mguu kwa kidole, akatazama shimo lililobaki kwenye ngozi, akasema maziwa, kila siku, mpaka Pasaka. Kisha akapanda gari lake.

Nyumbu alikuja kwa meli, zawadi ya msaada, ili awalimie wajane. Orodha ya zamu ilibandikwa ukutani mwa shule, na Garifalia alikuwa wa tatu. Mpaka siku hiyo nyumbu alikuwa amelima shamba moja tu, la mwenyekiti wa kijiji, Bwana Kapsalis, ambaye hakuwa mjane wala hakuwa kwenye orodha. Baada ya hapo jeshi lilimwazima.

Unga nao ulikuwa na masharti yake. Aliyekuwa na mtu milimani, kwa waasi waliopigana na serikali, hakupewa. Kwa miezi minne Garifalia alifika mbele ya meza na kurudishwa, kwa sababu ya mwanawe Stathis. Wiki tatu zilizopita, ngozi ya mguu wa Areti ilipoacha kurudi ikibonyezwa, alikwenda mwenyewe kituo cha polisi. Sajini Mavros alikuwa na karatasi tayari. Alimsomea: mimi, mjane Garifalia, natangaza kwamba kijana Stathis, aliyewafuata maadui wa taifa, si mwanangu tena. Garifalia akachovya kidole gumba kwenye wino. Jumapili padri aliisoma kanisani baada ya ibada. Kisha akachukua karatasi ya majina ya nyumba yake, ile anayosomea wakati wa kuombea mikate, yenye safu mbili, ya walio hai na ya wafu, akamfuta Stathis kwenye safu ya walio hai.

Tangu siku hiyo watu waliacha kumwita Mama Stathis. Hakuna aliyewaambia. Walianza tu kumwita Mama Areti.

Nyumbu alitokeza kwenye kona. Askari wawili walimvuta kwa hatamu. Mgongoni alikuwa amelazwa mtu kwa tumbo, kichwa upande huu na miguu upande ule, amefungwa kwa kamba ya magunia. Sajini Mavros alitoka kituoni akifuta masharubu yake.

"Mmoja tu?"

"Wengine wamebaki kule juu, afande. Huyu alikuwa karibu na njia."

Buti zilikuwa zimeshavuliwa. Ndiyo maana Garifalia aliona soksi kabla ya kuona kitu kingine chochote. Zilikuwa za kijivu, zimepindwa juu kwa sufu nyekundu, na kisigino kimefumwa mara mbili kwa namna aliyofundishwa na mama yake. Kidole kikubwa cha mguu wa kushoto kilikuwa kimeitoboa soksi. Alifikiri: pale ningeongeza nyuzi.

Sajini alimshika maiti nywele, akamwinua uso. Alipita naye mbele ya foleni kwa kumzungusha nyumbu, mwanamke baada ya mwanamke.

"Nani anamjua?"

"Simjui," alisema Polixeni. Yeye ndiye aliyekuwa mkunga wa Garifalia siku Stathis alipozaliwa.

"Wewe?"

Garifalia alitazama uso. Ulikuwa umekonda, na ndevu ambazo hakuwahi kuziona. Jicho moja lilikuwa wazi.

"Simjui."

"Mtazame vizuri, mama."

"Nimemtazama. Simjui."

Sajini aliachia nywele. Kichwa kikagonga ubavu wa nyumbu, na nyumbu akasogea hatua moja. Kisha sajini akainama kwenye miguu. Alivuta ile sufu nyekundu kwa kidole, akaisugua, akainusa.

"Hii si sufu ya kondoo wetu," alisema. "Hii ni ya marobota ya msaada. Mwenyekiti! Njoo hapa."

Kapsalis alifungua mlango wa shule. Alikuwa na unga kwenye mikono ya koti.

"Kwenye yale marobota ya nguo, nani alipewa sweta jekundu?"

"Nguo zilikuwa nyingi, sajini."

"Daftari unalo. Kila nguo na jina. Leta daftari tuone msaada wa Wamarekani umefikaje miguuni mwa huyu."

Garifalia alisimama na gunia lake. Sweta lile alipewa majira ya baridi mwaka juzi, kabla ya masharti. Alilifumua, akafuma jozi mbili, moja ya Areti na moja ya Stathis. Areti alikuwa amezivaa zake asubuhi hiyo, kitandani. Alihesabu nyumba zilizokuwa kati ya kituo na kwake. Zilikuwa sita.

Kapsalis hakwenda kuleta daftari. Alimtazama Garifalia, kisha akamtazama sajini, kisha buti za sajini, ambazo zilikuwa mpya, za ngozi ya kahawia, na hazikuwa zimetengenezwa Ugiriki.

"Daftari tukilifungua, sajini," alisema kwa upole, "itabidi tulisome lote."

Sajini alitazama buti zake.

"Na Alhamisi Mmarekani wa msaada anakuja. Akikuta tumelipekua, atauliza. Sweta huenda liliibwa. Milimani huko wanaiba kila kitu."

"Wanaiba kila kitu," alisema sajini. Akawapungia askari mkono. "Mtupeni kwenye shimo la chokaa. Na mrudi na huyo nyumbu."

Mlango wa shule ukafunguliwa wote. Foleni ilisogea. Polixeni alipogeuka na gunia lake alisema polepole, "Pole, mama..." Akasita. "Pole, Mama Areti." Akaenda.

Padri Yerasimos alisimama kando ya mizani, kama kila mara, ili watu wapewe unga mbele ya msalaba. Garifalia alimsogelea wakati gunia lake likijazwa.

"Baba. Ile karatasi yangu ya majina."

"Nini tena?"

"Jumamosi nitaleta mkate wa kuombea. Nataka jina moja liandikwe."

Padri alitazama nje, ambako kwato zilikuwa zinashuka kuelekea darajani. "Safu ipi?"

Garifalia aliangalia mizani.

"Kwa walio hai nilifuta kwa mkono wangu, ulikuwepo," padri alisema kwa sauti ya chini. "Kwa wafu, sajini ataniuliza nimeambiwa na nani kwamba amekufa. Nimjibu nini? Nimtaje nani?"

"Ungeacha nafasi tu."

"Nafasi haisomeki, mama."

Gunia lilikuwa limejaa nusu. Juu yake mtu aliweka kopo la maziwa. Kapsalis alimaliza kufunga kamba mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu mwingine.

"Unaona nimekusaidia leo," alisema.

"Nimeona."

"Sasa nisaidie na wewe. Alhamisi Mmarekani anataka kuona mjane akilimiwa shamba, apige picha apeleke kwao, wale wanaotoa hela waone. Nimelichagua shamba lako. Nyumbu ataoshwa. Wewe simama mbele na mkate, mweupe, mkubwa. Mtoto awe kando yako. Mvike soksi nyingine."

"Sawa."

"Atauliza una watoto wangapi. Wanapenda kuuliza hilo. Mkalimani atamtafsiria, kwa hiyo usinong'one kama unavyonong'ona hapa. Sajini atakuwepo. Utasemaje?"

Garifalia alilipandisha gunia begani. Unga ulivuja kidogo kwenye mshono, ukamwagikia nguo yake nyeusi.

"Nitakuja na mkate, mwenyekiti," alisema. "Nitasema ninaye mmoja. Nitasema kwa sauti."