Wote Walikubali

Kwa miaka kumi na minane Bi Alawiya alikuwa katibu wa Chama cha Taa, tawi la Faza. Aliingia kwa sababu babake alikuwa Taa, kama jirani yake Bwana Shuaib alivyokuwa Nanga kwa sababu ya babake. Hakuna aliyeuliza vyama hivyo viliamini nini. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na watu wa kila rai, na mikutano ya Taa ilianza baada ya Alasiri ikavunjwa na adhana ya Maghribi, watu wangali wakifokeana.

Kisha ikaja habari ya barabara ya lami kutoka gati la Mtangawanda hadi Faza, itakayokata mikoko. Wakubwa wa Taa waliiunga mkono. Wa Nanga wakaipinga, kwa kuwa Taa imeitaka. Basi watu wakaanza kuhama, kila mtu akiwafuata wa rai yake. Shuaib, mwenye pikipiki tatu za kubeba abiria, alitoka Nanga akaingia Taa. Alawiya hakutaka mkoko hata mmoja ukatwe, lakini alibaki Taa kwa ajili ya marehemu babake.

Mikutano sasa ilimalizika kahawa ingali moto.

"Andika, wote walikubali," mwenyekiti, Bwana Hamdu, alimwambia.

"Mimi sikukubali."

"Wewe ni katibu, Bi Alawiya. Andika tu."

Aliandika kwa mkono wake mwenyewe, akarudi nyumbani. Wiki iliyofuata alijiunga na Nanga.

Walimpokea kwa halua na vigelegele. Kila mtu pale aliipenda mikoko. Walikubaliana naye kwa kila jambo, hata akaanza kuchoka. Siku moja akauliza, "Na mwanamke mwenye uchungu wa uzazi, masika haya, atafikaje hospitali?"

Watu wa Taa walikuwa wakimuuliza yeye swali hilo, naye alikuwa na majibu tele. Hapa walifunga mkutano. Kufika jioni, mji mzima ulisema ametumwa na Taa.

Alimkuta Shuaib gatini Mtangawanda, akingoja boti ya Amu kama yeye.

"Wakuonaje huko?" alimuuliza.

"Waniita jasusi wa Nanga. Niliuliza tu mikoko mingapi itakatwa."

"Mingapi?"

"Hawajui."

"Na bado waitaka hiyo ndia yako?"

"Naitaka! Wewe wataka watu wapite wapi, Bi Alawiya, juu ya miti?"

Boti iliondoka ikawaacha wakibishana. Mtu akawapiga picha, ikaenea kwenye WhatsApp, na kabla ya Ijumaa kila chama kilikuwa kimemfukuza mtu wake.

Bi Alawiya alilia siku mbili. Siku ya tatu alijitanda buibui lake akaenda kubisha hodi kwa Shuaib. Mkewe, Zamzam, alifungua mlango, uso umechoka.

"Ingia, dada, ingia," alisema. "Tangu juzi abishana na redio."