Zamu ya Kwanza

Nina hasira za karibu. Nalisema mwenyewe kabla hujalisikia kwa majirani zangu wa Miyuji, hapa Dodoma. Wanafunzi wangu wa taipu pale chuo cha uhazili walikuwa wakiniita Mwalimu Pilipili, na sikuwakataza. Lakini kabla kaka yangu Damas hajauawa, hasira zangu zilikuwa za kufoka na kusahau. Baada ya hapo ziligoma kutoka.

Damas alikufa Januari ya mwaka elfu mbili na moja. Nilikuwa nimeagiza kompyuta ya mtumba kutoka Dar, enzi zile zilipoanza kuingia kwa wingi hata mwalimu akathubutu kuwa nayo, nikamtuma akaipokee stendi. Basi lilipofika, na mvua ikafika. Damas akalifunga kasha la kompyuta kwa kitenge changu lisilowe, akalitupia begani, akakimbia. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba yule ni mwizi. Risiti ilikuwa mfukoni mwa shati lake na hakuna aliyeiuliza. Walimpiga kwa mawe, kwa nondo, kwa kigoda cha muuza kahawa, wakampiga mpaka taya likahama. Mimi nilimtambua kwa miguu.

Gazeti liliandika mistari minne, kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Polisi nao wakaandika vivyo hivyo, jalada likafungwa. Wananchi gani? Hasira kali ninayo mimi, na ina jina na anwani. Nilizunguka stendi miezi mitatu. Waliopiga niliwajua kwa minong'ono, nani alishika nini, lakini nilichotafuta ni jina la mtu mmoja tu, yule aliyepiga kelele. Kila niliyemuuliza habari zake, siku ile alikuwa Kondoa kwenye msiba.

Kompyuta nilirudishiwa. Ilikuwa imebonyea ubavuni, lakini ukiiwasha inawaka.

Gabrieli aliingia maishani mwangu mwaka uliofuata. Alikuwa fundi wa kompyuta, mtu wa Chamwino, mpole mpaka anakera. Alikuja chuoni kutengeneza printa, akasikia nina mashine nyumbani, akajitolea kunifundisha kuandika programu. Hakutaka malipo. Kila Jumamosi alikuja chumbani kwangu, mlango wazi ili majirani wasipate la kusema, tukakaa mbele ya kile kioo cha kompyuta. Nilimpenda, tena nilimpenda vibaya. Nilikuwa nimeshaanza kumpikia mlenda kama anavyopenda, mimi ambaye mlenda sili.

Ndipo tukaanza gemu letu. Lilikuwa gemu la mtu mmoja anayesafiri kwa miguu kutoka Kondoa hadi Dodoma. Mchezaji anakuwa yeye, anachagua la kusema, anapata nguvu na marafiki njiani, anapigana na fisi na majambazi wa ng'ombe. Na mwisho wa safari anafika stendi, mvua inanyesha, ana mzigo begani. Gabrieli alijua hapo ni wapi. Nilimwambia tangu siku ya kwanza kwamba gemu lote nalitengeneza kwa ajili ya hapo. Mahakama ilinishinda, gazeti lilinishinda, basi nitawaweka mmoja mmoja kwenye kioo, kila mtu na uso wake na jiwe lake, na atakayecheza awaone.

Sasa gemu halijengwi kutoka sifuri. Unatafuta injini, yaani programu iliyokwisha kutengenezwa, inayojua kutembeza watu na kuwapiganisha, wewe unaipa hadithi na picha. Gabrieli alipata mbili kule kwenye intaneti kafe, akaja nazo kwenye sidii. Moja tuliiita Injini ya Fujo. Humo watu hupigana papo kwa papo, vumbi linatimka, ukizubaa umekufa. Ya pili tuliiita Injini ya Zamu. Humo kila mpiganaji anasubiri zamu yake, na zamu ikifika anaulizwa: piga, au pita.

Tulibishana wiki tano. Gabrieli alishikilia Fujo. Alisema vijana hawatakaa kusubiri zamu, kwamba hilo litakuwa bao na si gemu. Tatizo, mashine yetu ilikuwa dhaifu, na Fujo ikiwekewa zaidi ya watu wanne inaganda. Gabrieli akapata dawa. Akauchora umati wote kama kitu kimoja, lidude lenye vichwa vingi na mikono mingi na mstari mmoja wa uhai unaopungua kila likipigwa, akaliandikia juu yake: Wananchi.

Nilipoliona lile neno nilirusha kikombe cha chai ukutani. Nilimwambia kama anataka kufanya kazi ya polisi akaombe magwanda. Akaokota vigae, akajikata kidole, akasema yeye alikuwa anafikiria mashine tu. Nikamwomba radhi. Lakini Fujo niliikataa, nikamwambia tunachukua Zamu, na asiyetaka mlango anaujua.

Injini ya Zamu ni ya kujaza fomu. Kila mpiganaji unampa jina, nguvu, silaha, na namba ya zamu. Jumamosi ile, saa sita mchana, tulikuwa tunajaza watu kumi na wawili wa stendi. Mimi nilikuwa napepeta mchele mlangoni, yeye yuko kwenye kibodi. Alikuwa ameshamweka muuza kahawa na kigoda, kijana wa nondo, mama wa ndoo, mpaka mwisho. Akabonyeza pambano lianze, likakataa. Nikaja kuchungulia. Alikuwa amewapa namba kuanzia mbili mpaka kumi na tatu.

Nikamtania kwamba fundi mzima amesahau moja. Akasema tuiache kwanza. Nikamwambia injini haianzi bila wa kwanza, amweke yeyote, ajiweke hata yeye, tutabadilisha. Hakucheka. Aliondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka magotini, akawa anaitazama.

"Ni mimi, Evodia," akasema.

Nilidhani anamaanisha ameshajiweka. Nikatazama kioo, namba moja bado tupu.

"Ni mimi niliyepiga kelele."

Akaeleza yote bila kusimama. Wiki moja kabla, ofisini kwao wezi walivunja wakaiba kompyuta, na bosi akamshuku yeye, akampa siku saba za kuirudisha. Siku ya saba alikuwa stendi amejikinga mvua chini ya bati la kibanda, akaona mtu anakimbia na kasha la kompyuta limefungwa kitenge. Akadhani ndiyo ile ya kwao. Alichotaka ni asimamishwe tu. Akaona walivyomkusanyikia, akaona nondo inapanda, akageuka akaondoka. Alisoma jina la Damas gazetini. Alikaa miezi akinitafuta aniambie, na aliponipata akakuta nacheka na wanafunzi, akashindwa. Kila Jumamosi alikuja na neno hilo mdomoni na kila Jumamosi aliondoka nalo.

"Sikurusha hata jiwe moja," akasema. "Mungu ni shahidi wangu."

Hilo ndilo lililonimaliza. Angesema alirusha, pengine ningelia. Miaka miwili nimekula na huyu mtu, nimemcheka, nimemwonyesha picha ya Damas ya kipaimara, naye ananiambia mkono wake msafi. Nilichomoa kibodi na waya wake nikampiga nayo usoni. Vibonye vikaruka mpaka kwenye mchele. Nikampiga tena, ukingo ukamchana juu ya jicho. Hakujikinga. Nikampiga ya tatu mdomoni nikasikia jino likivunjika, na bado ameketi vilevile, damu inachuruzika kwenye shati, ananitazama kwa jicho moja, la pili limejaa damu. Nilitaka apigane. Nilitaka anipe sababu.

Akasimama, akasema anakwenda polisi kujisema mwenyewe, twende wote kama nataka. Akatoka nje taratibu, akashika njia.

Nami nikasimama mlangoni mwangu, mchana kweupe, nikapiga kelele.

"Mwizi! Mwizi huyo!"

Usiniulize kama nilikusudia. Nimejiuliza mwenyewe kila siku, na jibu ninalolipata ni ndiyo. Nilikusudia kwa muda wa hilo neno, na neno halirudi. Gabrieli aligeuka akanitazama. Angesimama pale, wangemuuliza, pengine, maana walikuwa wakimwona kwangu kila wiki. Lakini yeye alikijua kile kilio kinaishia wapi. Akakimbia.

Mtu anayekimbia na damu usoni haulizwi. Wa kwanza kumfikia alikuwa Matonya, fundi viatu wa pale kona, mzee wa kunishonea kandambili zangu. Alimpiga nyundo begani. Gabrieli akapiga magoti, akainuka, na Sidonia mama ntilie akamkuta na kuni yenye moto. Henry wa duka la rejareja, kijana aliyekuwa akinipa shikamoo kila asubuhi, alikuja na tofali kwa mikono miwili. Niliwaona wote. Sikuona umati hata kidogo. Miaka miwili nilikuwa nimejifundisha kutazama mtu mmoja mmoja, na macho yangu yaligoma kufanya vingine. Nilimwona Matonya akishusha nyundo akavuta pumzi, akafikiri kidogo, akaipandisha tena.

Nilikimbia nikajitupa juu yake. Nikawaambia basi, si mwizi, ni mwenzangu, nimekosea, basi. Kuni ikanipata mgongoni. Mtu akanivuta kwa nywele, kwa nia njema, akisema dada ataumizwa. Walikuwa wananitetea. Tofali la Henry lilishuka mimi nikiwa nimeshikwa mikono yote miwili, nikasikia mlio ambao sitauelezea. Kisha wakarudi nyuma wote kwa pamoja, kila mtu anatazama viatu vyake.

Matonya akafuta nyundo kwenye aproni yake. Akanijia.

"Pole, mwalimu," akaniambia. "Amechukua nini?"

Nilikaa chini nikamweka Gabrieli kichwa mapajani. Alikuwa bado anapumua, pumzi za kukoroma, na akanishika kidole, wala sijui kama alijua ni cha nani. Alifia hospitali jioni ile kabla mama yake hajafika kutoka Chamwino. Mama yake nilimpa shikamoo pale koridoni. Akaitikia marahaba, akanishukuru kwa kuwa nimekaa na mtoto wake. Nikamwacha anishukuru, na hilo nalo ni langu.

Polisi niliyemkuta kituoni alikuwa kijana mstaarabu. Aliniletea kiti na maji. Akasema pole dada, mambo haya yanatokea, sisi tunajua, akafungua daftari, akaanza kuandika kabla sijafungua mdomo. Kalamu ilikuwa inakwenda yenyewe. Nikaona ameshafika kwenye wananchi wenye hasira kali, anatafuta mahali pa kuniambia nitie sahihi niende nikapumzike.

Nikamshika mkono. Nikamwambia karatasi hiyo aichane, achukue nyingine, na aandike watu kwa mistari, mmoja mmoja, na namba, kwa jinsi walivyofuatana. Matonya fundi viatu, nyundo. Sidonia, kuni. Henry, tofali. Wengine nilikuwa nao wote kichwani, majina na walichoshika. Akaniambia dada, hawa ni majirani zako, utaishi wapi baada ya hapa. Nikamwambia aandike. Akachukua karatasi, akapiga mistari kwa rula, akaweka namba moja akamwandikia Matonya.

"Hapana," nikamwambia. "Huyo ni wa pili."

Akauliza sasa wa kwanza ni nani. Nikamtajia jina langu na la baba yangu, nikasubiri mpaka alipomaliza kuliandika.