Udongo wa Dzamandzar

Wenzangu mnaowapa binti zenu wajawazito udongo wa kula, nisikilizeni.

Mwanangu Hachimia alipokuwa na mimba hapa Mahajanga, alitamani udongo wa kwetu, kisiwani Nosy Be. Dada yangu Zalia akamtumia kopo zima kutoka kwake Dzamandzar, kulekule kisiwani. Hachimia akala. Baadaye akaanza kukohoa, kisha asubuhi moja akatapika mnyoo mrefu kama kalamu, na bado ulikuwa unajikunja. Nikamkimbiza zahanati.

Muuguzi akampa dawa, akatueleza. Mayai ya mnyoo hukaa udongoni. Ukiyameza huanguliwa tumboni, watoto wake husafiri hadi mapafuni, hupanda kooni, nawe unawameza tena. Hapo ndipo wanakua na kutaga, na mayai hutoka na kinyesi.

Nikasafiri kumfuata Zalia kwake Dzamandzar, nikamweleza.

"Udongo wangu safi, dada. Nachimba nyuma ya jiko, pale palipo laini."

Tukaenda kupaona. Mjukuu wake alikuwa amechuchumaa palepale.

"Bibi, msije, sijamaliza."

Zalia akaketi chini, mkono mdomoni. Mama wa mtoto yule naye ni mjamzito, na kopo lake la udongo huohuo liko uvunguni mwa kitanda, limebaki nusu.