Theluji ya Kwanza Hailiwi

Verlene Stidham hakuwa mtu wa kubishana naye juu ya theluji. Katika bonde lao, kule milimani Kentucky, ilijulikana tangu enzi za mama yake kwamba theluji ya kwanza ya mwaka hailiwi. Hiyo kazi yake ni kufagia vumbi la makaa ya mawe hewani na kuanguka nalo. Unasubiri ya pili. Ya pili ndiyo unachota, unatia maziwa, sukari na vanila, unakoroga, unakula mpaka meno yanakufa ganzi. Aliyekiuka, Verlene alimsema mpaka kanisani.

Sasa mwaka huo theluji iligoma. Desemba ikapita kavu, Januari mvua tupu, na ilipokubali kuja ilikuja Alhamisi ya mwisho ya Februari, siku moja kabla mwanawe Lowell hajahamia Florida na mke na watoto, kuanza kazi bandarini. Watoto wenyewe mapacha, Hollis na Tansy, miaka miwili na nusu, na hawakuwa wamewahi kuonja theluji ya maziwa. Huko waendako watu huvaa kaptula hata Krismasi. Wasipokula leo ndiyo basi, na jambo hilo halikumtoka Verlene kichwani tangu alipofungua pazia na kukuta ua mweupe.

Alifuta meza iliyokwisha kufutwa. Akapanga vikombe vilivyokwisha kupangwa. Wajukuu walikuwa wamesimama dirishani, pua zimebanwa kwenye kioo, na jua lilikuwa tayari limeanza kuchungulia juu ya mlima.

"Potelea mbali," akasema, akaenda kutafuta soksi.

Glavu za watoto hazikuwepo. Nani ananunua glavu kwa ajili ya theluji ya siku moja? Aliwavisha soksi za babu yao mikononi mpaka kwenye viwiko, akawafunga mifuko ya mkate juu ya viatu, akawatoa nje wakitembea kama bata. Bakuli alikuwa amelitanguliza barazani lipoe, maana ukikorogea jikoni, au ukitoka na bakuli la vuguvugu, unapata supu. Alichota theluji juu juu kwenye meza ya uani, bila kugusa mbao. Tansy naye akachota kwa soksi, akaongeza na jani bovu. Hollis alikuwa akila soksi.

"Sio soksi, baba. Ngoja."

"Bibi, taka!"

"Najua unataka. Hata mimi nataka. Koroga."

Hapo ndipo mdogo wake Verlene, Oma, anayekaa ng'ambo ya kijito, alipojitokeza kwenye kona ya nyumba na fimbo yake ya kutembelea.

"Verlene! Ni wewe, au macho yangu?"

"Ni mimi. Kama umekuja kunisuta, rudi kwako."

"Mimi nikusute? Mimi niliyechapwa nikiwa na miaka sita kwa sababu ulikwenda kumwambia mama nimelamba ya kwanza? Haki ya Mungu, dada, nitakusuta mpaka Pasaka!" Akajitupa kwenye ngazi akicheka. "Lete kijiko."

"Ina vumbi. Usije ukasema sikukuambia."

"Vumbi la nini? Mgodi umefungwa, mwaka wa nne huu. Lingekuwepo vumbi, Lowell angekuwa na kazi, na hawa wasingekwenda popote."

Verlene alimimina maziwa kidogo kidogo huku Tansy akishika bakuli kwa mikono yote miwili. Oma aliona amevuka mpaka, akashusha sauti.

"Hawatakumbuka lakini, dada. Wadogo mno."

"Najua. Nitakumbuka mimi."

Wakala. Hollis alikunja uso kwa baridi, akatikisika mwili mzima, akafungua mdomo tena upesi kama kifaranga. Oma alikula bila aibu. Verlene aliwalisha wote wala hakulamba hata kidole, mpaka Tansy alipomgeuzia kijiko chake, kinadondosha mpaka kwenye soksi.

"Bibi kula."

"Bibi ameshiba, mama."

"Kula!"

Angeweza kumkatalia mtu yeyote bondeni, ila si huyu, na si leo. Akafungua mdomo. Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu vilevile kama ya pili, hakuna tofauti hata chembe, na furaha yake ikaingiwa na uchungu. Maana kulikuwa na miaka theluji ilianguka mara moja tu. Lowell alikuwa na miaka mitano mwaka mmoja wa namna hiyo, amesimama mlangoni na kijiko mkononi, naye akamwambia subiri ya pili. Ya pili haikuja.

Mlango ukafunguliwa. Lowell alitoka na utepe wa gundi wa kufungia masanduku.

"Mama, umeuona mkasi?" Kisha akaliona bakuli. "Mama. Si ya kwanza hii?"

"Ya kwanza. Kaa."

"Bado nina masanduku sita..."

"Kaa, mwanangu. Nilikunyima ulipokuwa mdogo, na nilikunyima bure. Kula."

Mtu mzima wa miaka thelathini na minne, ndevu mpaka kifuani, akakaa kwenye ngazi katikati ya watoto wake. Hollis akampa kijiko. Alikula polepole, na Oma akamsogezea bakuli karibu. Paa lilikuwa limeanza kudondosha maji. Kijiko kikagonga bakuli tupu.

"Imebaki?" akauliza.

Verlene akatazama meza ya uani. Palikuwa pamelowa tu.

"Usiondoke hapo," akamwambia, akanyakua bakuli, na kwa magoti yake yale mabovu akakimbia kuzunguka nyuma ya nyumba, ambako jua lilikuwa halijafika.