Sukari ya Forodha

Mwalimu wa nidhamu wa shule ile alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini hata waliomwajiri walikuwa wameshalisahau. Wanafunzi walimwita Forodha, kwa sababu kila asubuhi alisimama langoni akapekua mikoba kama mtu wa mpakani anayetafuta pembe za ndovu. Jina hilo alilijua na wala hakulichukia. Alisema mwalimu asiyepewa jina na wanafunzi hakufundisha, alipita tu.

Alikuwa na kitambi. Si kitambi cha kuja jana, bali kilichojengwa kwa miaka, tofali juu ya tofali, na kila tofali lilikuwa la sukari. Chai yake ilikuwa nzito kiasi kwamba kijiko kilisita kuzama. Alipenda keki, alipenda biskuti, chokoleti ndiyo usiseme, na siku nyumba ilipokosa vyote hivyo alijimiminia sukari kiganjani akailamba akiwa amesimama, mgongo kwa mlango.

Mkewe alikuwa muuguzi. Alinyamaza muda mrefu, maana ndoa ni kusitiriana, mpaka asubuhi moja Forodha alipoinama kufunga kamba za viatu akashindwa kuinuka bila kushika mguu wa meza. Hapo ukimya ukaisha. Alimpeleka kwa daktari, na daktari, baada ya kumpima na kumtazama juu ya miwani, akamwambia kwa upole kwamba damu yake bado ni damu lakini iko njiani kuwa juisi. Apunguze uzito, na sukari waagane. Forodha aliitikia kila neno kama bwana harusi.

Nyumbani mkewe hakufanya mzaha. Bakuli la sukari lilipewa jirani. Kopo la biskuti likajazwa vifungo na nyuzi. Chai ikawa chungu, sahani zikajaa majani ya kila namna, na bafuni kukawekwa mizani mpya, ambayo Forodha alitakiwa kuipanda kila Jumamosi huku mkewe akisoma, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuiona namba. Kitambi kilikuwa kimeiziba.

Mtu mwingine angeteseka kimya. Forodha aliamua kuteseka na shule nzima. Alikwenda kwa Mwalimu Mkuu akamweleza hatari ya sukari kwa meno ya watoto, kwa akili zao na kwa mustakabali wa taifa. Tumtendee haki: siku ile alimaanisha. Aliona kwamba nyumbani sukari imeondoka, na ikiondoka na shuleni, basi macho yatapumzika na ulimi utafuata. Mwalimu Mkuu, mwanamke aliyependa jambo lolote linaloweza kuandikiwa bango, alikubali papo hapo. Bango likaning'inizwa langoni: SHULE ISIYO NA SUKARI. Mama aliyeuza biskuti kando ya uzio akashauriwa auze karanga. Jikoni, Forodha mwenyewe alisimamia mfuko wa sukari ukitolewa. Hata chumba cha walimu hakikusazwa, na mwalimu wa hesabu, mtu wa chai tamu, akaanza kunywa maji ya moto akinung'unika.

Pipi na biskuti zilizokamatwa langoni ziliwekwa kwenye kabati la chuma ofisini kwa Forodha, zisubiri kuteketezwa Ijumaa nyuma ya jiko. Ijumaa ya kwanza aliziteketeza zote kwa mkono wake. Chokoleti ilipoanza kuyeyuka na harufu kupanda, machozi yalimtoka, na walimu wenzake wakasema moshi wa leo mkali. Ijumaa ya pili alibakiza chokoleti moja, ndogo, aonje tu kujua watoto wanapewa kitu gani na wazazi wao. Lakini mchovya asali hachovyi mara moja. Haukupita muda, kilichoungua Ijumaa kikawa ni makaratasi matupu, na hayo yanawaka vizuri sana.

Basi kazi ya nidhamu ikapata ladha. Forodha alianza kuwahi kuliko mlinzi. Alijua ni mtoto gani ana shangazi anayeoka keki, na ni nani baba yake husafiri na kurudi na chokoleti zenye njugu ndani. Jumatatu alizipenda kwa sababu mwishoni mwa juma watoto hutembelewa na ndugu. Wanafunzi walipoanza kutii na mikoba ikawa na madaftari tu, alinyong'onyea, kisha akatangaza upekuzi wa soksi. Walimu wenzake walimwona anavyotoka langoni mikono mitupu, uso umesawijika, wakaambizana kwamba hivyo ndivyo walivyo watu wa misimamo, hata wakishinda hawafurahi.

Sifa zikaenea. Afisa elimu alikuja kujionea, akamsimamisha Forodha mbele ya walimu wa shule jirani aeleze siri ya mafanikio. Alizungumza kwa hisia juu ya kujinyima. Wachache waliokaa mbele walihisi anatamka herufi nyingine kwa taabu, wakadhani ni uchungu wa jambo lenyewe. Ilikuwa ni pipi ya maziwa, imekwama kwenye gego.

Nyumbani, mizani haikuelewa. Badala ya kushuka ilipanda. Forodha alisema ukoo wao una mifupa mizito. Wiki iliyofuata akasema ni maji. Baadaye akalaumu mizani yenyewe, kwamba vitu vya siku hizi ni vya bei rahisi. Mkewe alileta mfuko wa unga kutoka jikoni, akaupima, mizani ikasema sawasawa na ilivyoandikwa kwenye mfuko. Akaurudisha jikoni. Muuguzi amezoea watu wanaoapa kwamba dawa wamemeza.

Ndipo akaja msichana mmoja, kahamia kutoka shule nyingine. Alikuwa mwembamba, mpole, wa kukaa pembeni. Siku ya kumwandikisha, mama yake alimweleza Mwalimu Mkuu kwamba mtoto ana kisukari, anachomwa sindano, na kwamba ni lazima atembee na pipi, kwa sababu kuna nyakati sukari mwilini hushuka ghafla na asipoipata mara moja huweza kuzimia. Mwalimu Mkuu alimhakikishia kuwa shule ni familia. Alimwagiza karani awaambie walimu. Karani alimwambia mwalimu aliyemkuta chumba cha walimu, ambaye alikuwa mwalimu wa nyimbo, ambaye aliitikia vizuri kabisa, kisha kesho yake akaenda likizo ya uzazi.

Asubuhi ya kwanza, Forodha alitia mkono kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wa msichana yule akatoka na pakiti ya pipi za machungwa. Moyo wake ulipiga. Kulikuwa na ukame siku hizo.

"Mwalimu, hizo ni za ugonjwa wangu," msichana akasema.

"Hata mimi ni mgonjwa," akasema Forodha, na hapo alisema kweli, "na daktari wangu amenikataza."

Watoto waliokuwa nyuma wakacheka. Msichana akainamisha kichwa akapita. Kabla ya kengele ya mapumziko, Forodha alikuwa ameshamaliza pakiti. Zilikuwa pipi nzuri, ngumu nje, ndani laini.

Jua lilipokuwa limepanda, darasa la msichana lilikuwa uwanjani likikimbia. Mwalimu wa michezo alimwona akikaa chini, akadhani ni uvivu wa mgeni, lakini alipomkaribia alimkuta anatetemeka, jasho linamtiririka, na anajibu maswali ambayo hakuulizwa. Alimbeba mpaka chumba cha walimu. Mwalimu Mkuu aliitwa, akaingia, akamwona, na palepale maneno ya yule mama yakamrudia. Akajishika mdomo.

"Sukari," akasema. "Apewe sukari sasa hivi."

Watu wakatawanyika. Makopo ya chumba cha walimu yakafunguliwa, hayakuwa na kitu. Mpishi alikuja akiwa ameshika mwiko, akaeleza bila kumtazama mtu kwamba jikoni sukari iliondolewa kwa amri, na aliyeiondoa yumo humu humu. Mama wa karanga alikuwa na karanga. Mwalimu wa hesabu alipindua mifuko ya suruali yake nje, kana kwamba huenda enzi za zamani zilimwachia chembe mbili. Mwalimu wa michezo alikuwa ameshatoka mbio kwenda dukani, lakini duka lilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, mbali. Shule isiyo na sukari, kwa mara ya kwanza, ilikuwa haina sukari kweli, na watu wazima waliosimama kumzunguka mtoto wakatazamana.

Forodha alikuwa mlangoni. Tumtendee haki mara ya pili: alisita kwa muda wa kumeza mate, si zaidi. Katika muda huo aliliona akilini bango, akamwona afisa elimu, akamwona mkewe na mfuko wa unga. Kisha akageuka akakimbia, na hakuna mtu shuleni pale aliyewahi kumwona akikimbia. Ukanda ulimponyoka, suruali akaishika kwa mkono mmoja, ufunguo kwa mkono wa pili. Angeweza kuurudisha mlango wa ofisi nyuma yake. Hakuurudisha. Kwa hiyo Mwalimu Mkuu na karani, waliomfuata wakidhani amechanganyikiwa, waliliona kabati likifunguka na vilivyokuwemo: chokoleti zilizopangwa kwa ukubwa, biskuti zilizofunguliwa na kubanwa kwa kibanio cha nguo, kipande cha keki juu ya kisosi kikiwa na alama ya meno, na chupa ya soda iliyobaki nusu.

Alichukua soda na pipi kadhaa, akarudi kwa mbio ileile, akapiga magoti. Alimnywesha msichana kidogokidogo, huku akimwambia taratibu, mwanangu, taratibu, meza. Kisha akampa pipi. Chumba chote kilimtazama mtoto akimung'unya kama watu wanaosikiliza matokeo ya mtihani. Baada ya kitambo mikono yake ikatulia. Macho yakarudi mahali pake. Akaitazama pipi nyingine kiganjani mwa Forodha, akaona si yake.

"Mwalimu, zangu za machungwa ziko wapi?"

Mwenye kutaka uongo alikuwa nao tele: zimehifadhiwa, zinachunguzwa, zimeteketezwa. Forodha alibaki pale sakafuni.

"Nimezila," akasema.

"Zote?"

"Zote. Nisamehe, mwanangu. Nilipaswa kukusikiliza pale langoni."

Msichana alifikiri kidogo, kisha akainama karibu na sikio lake, maana alimwona kama mtu anayeweza kuelewa. Akamnong'oneza kwamba hata yeye huwa zinamshinda. Mama humkataza kuzigusa akiwa mzima, basi siku nyingine husingizia kizunguzungu.

Wiki ile Mwalimu Mkuu aliitisha kikao cha wazazi, na hapo ndipo Forodha alipojifunza kwamba duniani kuna vipaji vikubwa kuliko chake. Bila kupepesa, Mwalimu Mkuu alieleza kuwa shule ilikuwa na utaratibu wa siri wa kuhifadhi sukari ya dharura chini ya mwalimu mwaminifu, na kwamba utaratibu huo umeokoa maisha. Wazazi walipiga makofi. Afisa elimu aliandika kitu. Forodha akatangazwa Mlinzi wa Sukari ya Dharura, akaombwa asimame.

Alisimama. Alisema kwamba kumpa yeye kazi hiyo ni kumkabidhi fisi bucha, na kwamba sukari ile haikuwa ya dharura ya mtoto yeyote, ilikuwa ya kwake. Ufunguo ukae na mpishi. Kisha akaketi. Wazazi walipiga makofi zaidi, kwa unyenyekevu wake, isipokuwa mama wa msichana, ambaye hakupiga hata moja. Baada ya kikao mama huyo alimfuata, akamwambia maneno machache yaliyomstahili, naye akayapokea akiwa ameinamisha kichwa.

Kwa mkewe alisema mwenyewe, jioni, mezani, mbele ya kabichi. Alieleza tangu Ijumaa ya pili mpaka pipi za machungwa. Mkewe alisikiliza kwa sura ya kazini. Alipofika kwenye suruali iliyoshikwa kwa mkono, sura ile ikamshinda, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Akamwambia kwamba ya chokoleti aliyajua siku nyingi. Alidhani nani anafua ile mifuko ya mashati yenye madoa? Alikuwa anangoja amwambie kwa mdomo wake. Halafu akaacha kucheka, akasema kwamba yule mtoto angeweza kufa, na usiku huo hawakuzungumza tena.

Walichoafikiana baadaye kilikuwa kidogo. Kila Jumapili, kipande kimoja cha keki, mezani, kwenye sahani, watu wawili wakiwa wamekaa. Shuleni bango lilishushwa, mama wa kando ya uzio akarudisha biskuti pembeni ya karanga, na Forodha akawaomba wanafunzi radhi mstarini. Kesho yake alikuta pipi juu ya meza yake, haina jina. Hakujua kama ni msamaha au ni mtego. Aliipeleka kwa mpishi.

Mizani ilianza kushuka, kwa uvivu, kama mtu anayeamshwa mapema. Jumapili ya kwanza walikwenda kwenye mgahawa mdogo wenye vitambaa vya plastiki mezani, wakaagiza kipande kimoja cha keki. Forodha aliomba dua fupi, akashika kijiko kwa heshima, akajiandaa kula polepole ili adumu nacho. Alipoinua macho, mkewe alikuwa ameshavuka nusu. Alikula ameinamia sahani, haongei, krimu kwenye kona ya mdomo. Miezi yote ile chai chungu ilikuwa inamiminwa vikombe viwili, na Forodha hakuwahi kumuuliza.

Forodha akarudisha kijiko chini, akamsogezea sahani.

"Malizia, mama," akasema.

Mkewe hakubisha.